Watatu kwenye pikipiki moja, kutoka Mikindani mpaka Mbamba Bay

SAFU YA SHANGAZI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 33, naishi Mikindani. Jioni nakaanga pweza na ngisi, nauza hapo hapo barazani. Mwenzangu aliendesha bodaboda Mtwara mjini miaka sita, sasa anafanya vibarua vya ufundi, na pamoja tunahudumia mikorosho niliyoachiwa na marehemu mjomba wangu kule Nanyamba.

Yeye ni Mnyasa, kwao Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Siku ananiposa alisema mbele ya wazee, watu wakacheka, kwamba ipo siku atanipakia nyuma ya pikipiki yake tutoke baharini mpaka ziwani. Miaka saba imepita. Kila mwaka jambo: mara mimba, mara bei ya korosho imeanguka, mara msiba. Mwaka huu mama yake amepiga simu mara tatu anauliza mjukuu ataletwa lini, maana binti yetu ana miaka mitano na bibi yake hajawahi kumtia machoni. Basi mwenzangu ameamua. Malipo ya mnada yakiingia mwezi wa kumi na moja analipa madeni, na mwezi wa kumi na mbili, shule zikishafungwa, tunaondoka.

Nami nataka kwenda. Naomba hilo ulielewe kwanza, maana kila ninayemweleza anadhani namtafutia mume wangu sababu. Sijawahi kuvuka Masasi. Nataka kuliona hilo ziwa, nataka mama mkwe anione mimi, si picha yangu. Ila jinsi anavyoipanga safari yenyewe ndiyo inaninyima usingizi.

Anasema tutaondoka saa tisa usiku ili tufike Songea siku hiyohiyo, tulale, kesho yake saa nne asubuhi tuko kwa mama. Tutapanda sote watatu, mtoto katikati, begi kwenye keria. Pikipiki ni Boxer ya 150, tairi la nyuma limeshaanza kuwa kipara. Nikimuuliza habari za mvua ananijibu kwamba siku hizi njia yote ni lami. Juu ya hayo, rafiki yake mmoja wa kijiweni kamtia wazo kwamba tukifika Mangaka tukate kushoto mpaka Mtambaswala, tuvuke Daraja la Umoja tukakanyage Msumbiji japo nusu saa, tupige picha, turudi.

Nilipomwambia naogopa alinyamaza, akatoka nje. Aliporudi akasema, "Nimebeba abiria miaka sita sijamwangusha hata mmoja, leo mke wangu ndiye haniamini." Toka siku hiyo hajaitaja tena safari, ila namwona jioni anaifuta vumbi pikipiki, anaitazama. Sitaki avunjike moyo, na sitaki mwanangu apande. Nifanyeje? Na kweli safari kama hii inawezekana, au niseme hapana yaishe?

Abiria wa nyuma, Mikindani

* * *

Marahaba mwanangu.

Inawezekana, na nakuombea uende. Kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay ni zaidi ya kilomita 800, na watu huzipita kwa pikipiki za 150, hata za 125. Mimi mwenyewe nimezipita mara mbili, mara zote nikiwa nimekaa nyuma, kwa hiyo sitakujibu kama dereva. Nakujibu kama abiria mwenzako, maana katika mpango wa mumeo nimetafuta abiria sikumwona. Amehesabu kilomita na nguvu ya injini. Kiuno chako hajakihesabu, wala usingizi wa mtoto.

Tuanze na huyo mtoto. Hapandi. Hapa sina maneno ya kubembeleza. Kwanza mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ni kosa, na trafiki wa kwanza atakayewasimamisha atakuwa na haki yake. Lakini hata njia ingekuwa haina askari hata mmoja, mtoto wa miaka mitano katikati ya watu wazima wawili hana pa kuweka miguu, na kofia ngumu za kwetu madukani ni za watu wazima, zinamcheza kichwani kama sufuria. Halafu watoto hulala. Ataulalia mgongo wa baba yake kabla hamjafika Mingoyo, na mtoto aliyelala hashiki kitu. Utamshika wewe kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ujishike mwenyewe, kwa muda wa saa tano. Hakuna mkono wa mama unaoweza hivyo.

Ila usimtoe mtoto kwenye safari, kwa sababu bibi anamwita yeye. Kama mama yako mzazi yupo na ana nguvu, mkatieni tiketi ya basi la Songea, yeye na mjukuu wake, wapange kufika siku mnayopumzika ninyi. Mkutane Songea, kisha wapande basi jingine la Mbamba Bay, nanyi mfuate kwa pikipiki. Mama mkwe atapata wageni wawili badala ya mmoja, na wazazi hao wawili watakuwa wameonana. Katika ndoa ya miaka saba hilo si jambo dogo.

Sasa habari ya kuondoka saa tisa usiku. Najua wanaume wanavyoipenda saa hiyo: barabara tupu, hewa ya baridi, injini haichemki. Lakini njia hiyo usiku si tupu. Kuna malori ya makaa ya mawe yanayoshuka kutoka Mbinga kuja bandarini Mtwara, na ya saruji yanayokwenda upande wa pili. Lori likiharibika pale lilipo linabaki, na alama yake ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani. Mchana tawi unaliona toka mbali. Usiku, kwa taa ya Boxer, unaliona likiwa chini ya gurudumu. Na kuna ng'ombe na mbuzi waliolala kwenye lami kwa sababu lami inatunza joto. Kuanzia Tunduru kwenda Namtumbo mnapita kwenye mapito ya wanyama kati ya hifadhi zetu za Selous na Nyerere na ile ya Niassa upande wa Msumbiji. Tembo huvuka hapo, na wanapenda saa za giza na za machweo. Mkimwona, simameni mbali, msipige honi, injini iwe inawaka na pikipiki imeshageuzwa, mmwache apite na jamaa zake wote.

Kwa hiyo safari yenu ni ya jua. Mwezi wa sita jua letu la Mtwara huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama mara tu baada ya saa kumi na mbili jioni. Hizo ni saa kumi na moja na kidogo. Ondoka jua likishapanda, na saa tisa alasiri muwe mmeshaingia gesti mnatafuta maji ya kuoga. Saa zinazobaki ni akiba ya pancha.

Nimesema mwezi wa sita, na nadhani umeshtuka. Hapo ndipo penye kazi kubwa ya barua yako, kuliko hata hilo la mtoto.

Sisi wa kusini tuna shida yetu: pesa na mvua huja kwa mlango mmoja. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, malipo yanaanza kuingia Novemba, na wakati huohuo wingu linaanza kujikusanya. Hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Tanga. Mvua yetu ni moja, inaanza Novemba au Desemba na kutuachia Aprili, mara nyingine Mei. Kwa hiyo kila mtu mwenye safari moyoni huipanga Desemba kwa sababu mfuko umejaa, ndipo anapokutana na maji Tunduru.

Mumeo anasema ni lami. Ni kweli, na lami hiyo imetuondolea mateso makubwa. Waliokuwa wakienda Songea kupitia Tunduru zamani wanajua walivyokuwa wakilala njiani na lori limezama. Lakini lami haizuii mvua. Mvua za kwanza ndizo mbaya kuliko zote kwa pikipiki, maana zinakuta mafuta na vumbi la miezi sita vimekaa juu ya barabara, vinageuka sabuni. Kwenye mabonde maji hukatiza yakiacha mchanga mwembamba, na gurudumu la mbele likigusa mchanga huo dereva wa miaka sita na wa mwezi mmoja huanguka sawa. Na Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika, abiria wakakwama. Nayo ilikuwa lami.

Basi mpango ninaokupa ni huu: pesa ya Novemba, safari ya Juni. Shule zinafungwa Juni pia. Mikorosho yenu ya Nanyamba itakuwa imeshapaliliwa na kazi ya kupuliza salfa bado haijapamba moto. Mbingu imetulia kutoka baharini mpaka ziwani. Baridi mtaikuta, hilo nitakueleza.

Najua utaniuliza pesa itakaaje kutoka Novemba mpaka Juni na pesa ya korosho haina subira. Ndiyo maana isikae kama pesa. Siku malipo yanaingia, kabla ya madeni madogo madogo na kabla ya shemeji wa tatu hajapiga hodi, inunueni safari vipandevipande: tyubu mbili mpya, cheni na sproketi zake mbili kwa pamoja (cheni mpya juu ya sproketi iliyochoka italiwa kabla hamjarudi), breki shuu za mbele na nyuma, plagi ya akiba, kebo ya klachi na ya mafuta, na kofia ngumu mbili zinazoenea vizuri, zenye kioo. Vitu hivyo vikae ndani ya sanduku chini ya kitanda. Hakuna anayekuja kukukopa sproketi. Inayobaki ni pesa ya petroli na ya gesti, na hiyo ipelekeni kwenye kikoba au mahali ambapo mkono haufiki upesi.

Petroli mtaipima wenyewe, msikubali hesabu ya kijiweni. Jazeni tangi mpaka shingoni, mpakiane ninyi wawili na begi, mwende kilomita 100, mjaze tena mpaka palepale. Lita zilizoingia ndizo ukweli wa pikipiki yenu. Tuseme inakula lita moja kwa kilomita 40: kwenda tu mtahitaji lita 21, na kurudi vivyo hivyo. Bei EWURA, wadhibiti wa nishati, huitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo mnaweza kupiga hesabu kamili siku chache kabla. Kila mji mkubwa una kituo, Masasi, Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea, Mbinga. Kipande kirefu ni Tunduru mpaka Namtumbo, karibu kilomita 190. Hapo msipite Tunduru na tangi nusu mkitegemea petroli ya chupa, mara nyingi imechanganywa na mafuta ya taa na injini italalamika mlimani.

Sasa nije kwako wewe, abiria.

Mara ya kwanza nilivaa dera na khanga juu, kama ninavyokwenda sokoni. Tulipokaribia Nyangao pindo la khanga likaingia kwenye cheni. Nilihisi kama mtu amenishika kiuno kutoka chini na kunivuta. Dereva wangu alikuwa kwenye mwendo wa 40 hivi, akashika breki, khanga ikachanika na kujisokota kwenye sproketi ya nyuma mpaka gurudumu likakaza. Tulikaa chini ya mwembe karibu saa nzima tukiitoa uzi kwa uzi, kwa kisu tulichoazimwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza ming'oko ya kuchemsha. Kilichotoka kizima ni kile kipande chenye jina lake, herufi zote ziko sawa, grisi nyeusi pembeni. Kipande hicho ninacho mpaka leo. Tungekuwa kwenye mwendo wa 80 nisingekuwa nacho, na wala nisingekuwa nakuandikia.

Kwa hiyo ukiwa safarini vaa suruali nzito, na kama unataka gauni juu yake liwe fupi, limebana, lisiwe na pindo la kupepea. Mtandio uingie ndani ya koti. Viatu vya kufunika vidole na kifundo. Panda na kushuka kwa upande wa kushoto siku zote, maana bomba la moshi liko kulia, nalo baada ya saa moja la mwendo linababua ngozi ya mguu kwa mguso mmoja. Kovu la duara kwenye shavu la mguu, ukiliona kwa mwanamke wa kusini, ujue ameshapanda boda.

Halafu kiuno. Dereva ana usukani wa kushika na kazi ya kufanya, wewe huna. Baada ya kilomita 50 magoti yanakufa ganzi, na aibu inakufanya unyamaze. Usinyamaze. Mkubaliane kabla hamjaondoka: ukimgonga bega mara moja apunguze mwendo, mara mbili asimame. Na likiwa limegongwa mara mbili, anasimama, maswali baadaye. Hiyo ndiyo haki yangu niliyoidai mara ya pili nilipopanda na ndiyo iliyonifanya niifurahie safari. Dereva anayejua kwamba abiria wake ana kauli hutulia hata mkono wake.

Miaka yake sita naiheshimu, mwambie. Kumbeba mtu kutoka stendi mpaka Shangani au Ligula, kwa msongamano ule wa bajaji, kunataka jicho na akili. Lakini safari ile ni dakika kumi, unashusha, unarudi kijiweni, mikono inapumzika na stori zinaendelea. Huku utashika mafuta kwa muda wa saa tano. Kinachomwangusha dereva mzoefu kwenye njia ndefu ni usingizi wa macho wazi, na huo hauji mjini hata siku moja. Huujui mpaka umeshakubeba.

Njia yenyewe igaweni hivi. Siku ya kwanza ni Mtwara mpaka Masasi, kama kilomita 200. Kipande cha mpaka Mingoyo unakijua. Mkipinda kwenda Mtama na Nyangao mtaiona nchi inaanza kuinuka, na Ndanda pana hospitali ya misheni ya siku nyingi. Nyangao pia ipo. Iandike kwenye karatasi, pamoja na Mkomaindo ya Masasi na Peramiho ng'ambo ya Songea, uiweke karatasi hiyo kwenye mfuko wa koti lako wewe, si kwenye begi. Kwenye kipande hiki malori ndiyo yenye barabara. Likija kubwa mbele yenu, upepo wake utawapiga kifuani. Uinamie mgongo wa mumeo, usijipinde kando. Siku ya pili ni Masasi mpaka Tunduru, karibu 200 tena, miamba ya Masasi ikiwaaga nyuma. Tunduru laleni mapema.

Siku ya tatu ndiyo ndefu, kama kilomita 265 mpaka Songea, na nusu yake ni pori. Ondokeni jua likichomoza tu. Mtaona hali ya hewa inabadilika bila kuambiwa: Songea iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Mikindani mwezi wa sita akifika pale jioni anatetemeka. Beba sweta zito, soksi na glavu, na gazeti la zamani la kuweka kifuani chini ya koti. Limenisaidia sana.

Siku ya nne msipande pikipiki kabisa. Fundi akaze cheni, aangalie njiti za gurudumu la nyuma, abadilishe oili kama kilomita zake zimefika. Ninyi mpokeeni mama na mtoto kituoni, kisha mwende makumbusho ya Majimaji. Hapo ndipo penye kaburi la mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Vita hivyo vilianza huku kwetu kusini, kwenye milima ya Matumbi, mwaka 1905, na maji yale ya dawa yakatembea mpaka Songea. Mwonyesheni binti yenu, hata kama ana miaka mitano.

Siku ya tano ni kilomita 165 tu, lakini sitaki mzidharau. Mkishapita Mbinga, baada ya mashamba ya kahawa na yale mashimo ya ngoro ya Wamatengo yaliyopangwa kwenye miteremko kama mkeka uliofumwa, barabara inaanza kushuka kuelekea ziwani, kona juu ya kona. Bodaboda wengi kwenye mteremko huweka nyutro ili kubana mafuta. Mwambie asithubutu. Ashuke na gia ya pili au ya tatu, injini yenyewe izuie, breki aziguse na kuziachia, kwa sababu breki za ngoma zikichemka zinateleza kama zimepakwa mafuta, na huko chini ni kona. Asubuhi kuna ukungu. Ngojeni utoke, kunyweni chai Mbinga.

Kisha, kwenye mojawapo ya kona hizo, ziwa litatokea upande wa mbele yenu. Sitakueleza. Ila jueni kwamba kwenu Mikindani jua linatoka baharini, na kule linazama majini. Mfike mapema muione jioni hiyo, mkiwa na sahani ya samaki mbasa.

Mtambaswala hapana, na nitasema kwa ufupi. Daraja la Umoja ni zuri, lina mita 720, limefunguliwa 2010, na litawangoja. Ng'ambo yake ni Cabo Delgado, ambako mashambulizi yameanza Oktoba 2017 na watu wengi wameuawa na kukimbia makazi yao, na Oktoba 2020 wauaji walivuka mpaka kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu. Mtu hapeleki mke wake huko kwa ajili ya picha. Tena kuvuka kunataka hati za ninyi na za chombo, na kutoka Mangaka mpaka darajani peke yake ni zaidi ya kilomita 60 za kwenda.

Limebaki la kuongea naye. Ulimwambia "naogopa", yeye akasikia "siwezi kukuamini". Uoga wako haukuwa tusi, lakini ndivyo ulivyomfikia, na mwanaume aliyeweka ahadi mbele ya wazee miaka saba iliyopita anaibeba hiyo aibu kila anapoifuta vumbi pikipiki. Kwa hiyo usianze tena na hofu. Anza na kile ulichoniandikia mimi na nadhani hujamwambia yeye wazi: kwamba unataka kwenda, kwamba unataka mama yake akuone. Mwambie hivyo wakati mnakula, mtoto akiwa amelala. Kisha mpe kalamu na daftari, mwambie, "Baba fulani, nipangie safari ya siku tano, mwezi wa sita, mimi na wewe." Mwache ahesabu yeye lita, yeye achague gesti, yeye ampigie mama yake amweleze kwamba mjukuu anakuja na bibi wa upande wa pili. Kuhusu mtoto usijadiliane, mwambie tu kwamba tayari umeshazungumza na mama yako na amefurahi. Hakikisha umeshazungumza kweli.

Na msingoje Juni kujaribu. Jumamosi moja kabla mvua hazijaanza, nendeni Lindi na kurudi, kama kilomita 100 kila upande. Ondokeni asubuhi, mle samaki Lindi, mrudi kabla ya magharibi. Vaa suruali. Gonga bega mara mbili angalau mara moja, hata kama huna haja, uone kama atasimama. Mkirudi Mikindani usishuke haraka kukimbilia karai lako la pweza. Kaa hapohapo kwanza, umuulize mgongo wake unasemaje, kisha umweleze wako.

Ila lile tairi la nyuma libadilishwe kabla ya Jumamosi hiyo. Kaeni na fundi, kopeni kwenye kikoba, uza pweza wa wiki nzima ikibidi. Hilo haliwezi kungoja mnada.

Shangazi